Kabla Hujanunua Kicheza Muziki, Kitie Mfukoni Kwanza

Wadau, karibuni tena. Leo salamu nafupisha, maana hiki kidude nimekisubiri wiki tatu kifike. Oneni udogo wake: kimelingana na kiberiti, gramu 24 tu. Hii ni Sansa Clip+ ya SanDisk, ilitoka mwaka 2009 na siku hizi haitengenezwi tena. Redio ya FM ipo, tundu la memori kadi lipo, mafaili ya muziki ya MP3 na FLAC inacheza, bluetooth hamna. Hayo mengine mnayajua, tuyaache.

Ninachotaka muone ni vitufe. Ngoja nisogeze kamera... hapo. Hii pedi ya mraba imeinuka juu ya kasha, kidole gumba kinaifikia chenyewe. Juu ni kusimamisha na kuendeleza, kulia ni wimbo unaofuata, kushoto unarudi. Ukibana kulia bila kuachia, wimbo unakimbia mbele. Sasa nakitia mfukoni, jinzi nzito hii. Nawatazama nyinyi, chini siangalii. Tik! Mmesikia? Wimbo umeruka. Tik, umesimama. Sauti iko ubavuni hapa: inapanda, inapanda, haya, inashuka. Narudia tena, safari hii nimefumba macho. Tik. Umeendelea.

Nalikazania hili kwa sababu nasikiliza muziki kwenye daladala ya Mbagala, nimesimama, mkono mmoja umeshika bomba la juu, mwingine umeshika begi. Simu sitoi, dirisha liko wazi na foleni haisogei. Kwa hiyo kwangu mimi swali la kwanza dukani ni hili: kikiwa mfukoni, nakiendeshaje? Gigabaiti baadaye. Zile namba za ubora wa sauti, 192 sijui nini, baadaye kabisa, maana kwenye ngurumo ya daladala huzisikii.

Mwaka jana nilinunua kimoja, kampuni siitaji, skrini tupu mbele nzima, kitufe cha wimbo hakuna. Kidole kikiwa na jasho hakikuelewi. Kitambaa cha mfuko kikikigusa, kinakuelewa! Uko kwenye taarab asilia ya dakika 15, umefika ya 12, fidla ndiyo imeingia, unafumba macho... kimeshahamia wimbo mwingine. Iliniuma sana. Wiki ya pili nilikiuza kwa hasara.

Najua mtaniandikia kuhusu Sony, ile NW-A306 ya mwaka 2023. Ilipotoka Uingereza ilikuwa kama pauni 350, na mimi hapa hapa nilisema hizo ni pesa za kutupa. Kisha rafiki yangu akanishikisha ya kwake. Ina vitufe vya kweli ubavuni, Wi-Fi ipo, Android ipo. Basi nimelegea. Kama muziki wako wote uko mtandaoni na bando si shida kwako, chukua ile. Wangu mimi uko kwenye kadi, na kadi haimalizi bando.

Na wale wa iPod: Apple waliacha kabisa kuzitengeneza Mei 2022, ile touch ya mwisho ilipoondoka. Ile classic yenye gurudumu ilikwisha 2014. Ukiikuta ya mtumba Kariakoo, ipeleke sikioni kabla hujalipa, maana ndani yake kuna diski inayozunguka. Ukisikia inagonga-gonga, rudisha.

Hiki changu pia ni mtumba, shilingi 45,000. Betri imefungiwa ndani, hubadilishi mwenyewe, kwa hiyo mwambie muuzaji akichaji kijae, ukipige saa nzima mbele yake. Mimi nimekiwekea Rockbox, programu ya bure. Hiyo inaweza hata kukusomea menyu kwa sauti, na asiyeona anaitumia mwenyewe bila kumwita mtu. Ukikipanga hivyo, ukikiwasha kinaendelea pale pale ulipoachia. Namna ya kuiweka nitaonesha Jumamosi, pamoja na hedifoni za waya mlizoniomba. Kama hujajiunga na chaneli, jiunge ili isikupite.

Jambo moja tena. Majuzi nilimwachia mama jikoni akiwa anakanda maandazi. Mikono yote unga. Simu asingeigusa. Nikatazama: kidude amekibana kwenye kanga begani kwa hiki kibanio chake, wimbo ukaisha, akainua mkono akabonyeza kwa kifundo cha kidole, hivi, unga haukufika popote. Hakuniuliza kitufe kipi ni kipi. Siku nne sasa anacho yeye, nimekiazima kwa ajili ya video hii, na jioni lazima kirudi.