Kuzibuliwa mishipa ya shingo pande zote mbili, uzoefu wangu

Mimi ilianzia jichoni. Nipo nanyoa ndevu, jicho la kushoto likazima kama mtu kashusha pazia, dakika chache likarudi nikajisemea uchovu huo. Siku ya pili mkono wa kulia ukadondosha kikombe chenyewe, hapo ndo nikakimbia hospitali. Utrasaundi ya shingo: karotidi (mshipa mkubwa wa shingo unaopeleka damu kwenye ubongo) ya kushoto imeziba zaidi ya asilimia 80, kulia 70 na kitu.

Nikamwambia daktari pasua zote siku moja tumalizane. Akakataa katakata, nikanuna kweli. Kumbe mishipa ya fahamu ya sauti na ya ulimi inapita hapohapo jirani, ikiguswa upande mmoja utakwaruza sauti tu, ikiguswa pande zote hata kupumua ni shida. Wakaanza kushoto kwa sababu ndo kulikuwa kunaleta dalili, na haraka, hata wiki mbili hazijaisha, maana siku hizo za mwanzo kiharusi kipo mlangoni.

Sikupewa nusu kaputi, ni ganzi ya shingo tu, unasikia wanavyoongea. Mkono wa kulia nikashikishwa kidude cha mpira kinacholia kama cha mtoto, wakibana mshipa wanasema minya, naminya, kikilia wanajua ubongo bado unapata damu (nilikiminya mpaka wakaniambia basi mzee inatosha 😂). Baadae wakanionyesha walichokwangua, kitu cha njano kigumu kama ukoko wa sufuria, nilikaa kimya.

Sauti ilikwaruza wiki tatu, kwenye simu kila mtu ananipa pole ya mafua. Ndo nikamwelewa daktari. Kabla ya upande wa pili wakanipitisha kwa daktari wa koo, kamera puani, aone kamba za sauti zinacheza zote mbili, ilikuwa wiki ya sita hivi.

Kulia mkasi ulienda vizuri ila presha ilinichezea, mara juu mara chini, nikalala ICU siku mbili. Aspirini na dawa ya kolesteroli bado nameza kila siku.

Nawapa nyota 4. Moja nimekata kwa sababu hakuna aliyeniambia ndewe ya sikio na taya vitabaki na ganzi miezi, nimejikata mara tatu bila kuhisi, nimestukia damu kwenye kola. Wembe nimeutupa, sasa hivi natumia mashine.