Oveni, mvuke na spiriti: kipi kinaua kweli vijidudu vya chombo cha anga?

Karibuni watazamaji. Leo tunachambua vifaa vinavyotumika kwa kazi moja: kuhakikisha chombo kinachokwenda Mirihi hakiondoki na bakteria wa Dunia. Nitavipitia kimoja kimoja niseme kinaua nini, kinaacha nini na kinaharibu nini. Na nianze na onyo: hapa hakuna kifaa kisichoharibu kitu.

Kabla ya vifaa, tuelewane kuhusu kipimo. Mkataba wa Anga za Juu wa mwaka 1967, ibara ya 9, unazitaka nchi zichunguze sayari nyingine bila kuzichafua kwa namna yenye madhara. Viwango vyenyewe huwekwa na kamati ya kimataifa ya utafiti wa anga, COSPAR. Chombo kinachotua Mirihi bila kutafuta uhai kinaruhusiwa kuwa na wastani wa spora 300 kwa kila mita moja ya mraba, na jumla isizidi spora 300,000 kwenye nyuso zake. Kikiwa kinatafuta uhai, au kinakwenda mahali ambapo bakteria wa Dunia wanaweza kuzaliana, jumla hiyo inashuka hadi 30. Thelathini, kwa chombo kizima! Shikeni namba hizo mbili, 300,000 na 30, maana tutazirudia kwenye oveni.

Mbona tunahesabu spora badala ya bakteria wote? Bakteria wa jamii ya Bacillus wakikosa chakula au maji hujifungia ndani ya ganda kavu, wakasimamisha shughuli zote, wakangoja. Huyo aliyejifungia ndiye spora. Spora za Bacillus subtilis zilikaa nje angani karibu miaka 6, kuanzia 1984 hadi 1990, na zile zilizokingwa na mwanga wa jua zikaota ziliporudishwa. Ukiweza kumuua huyu, wengi wa wenzake umeshawaua.

Najua kuna watakaosema Mirihi yenyewe itamaliza kazi, maana mionzi ya urujuanimno kule ni mikali. Ni kweli kwa spora iliyo wazi juani: nyingi hufa ndani ya dakika chache. Lakini vumbi lenye unene wa milimita moja linatosha kuikinga. Spora iliyojificha kwenye uzi wa skrubu, chini ya mkanda wa nyaya au ndani ya gundi haioni jua kabisa. Na hasara ya kwanza si lazima spora izaliane. Inatosha ifike kwenye kipimo kinachotafuta uhai. Ukipata dalili ya bakteria, utajuaje kwamba si wako?

Mfano upo. Wanaanga wa Apollo 12 waliirudisha kamera ya Surveyor 3, chombo kisicho na watu kilichotangulia kutua huko, kutoka Mwezini mwaka 1969, na ndani yake wakaonekana bakteria wa Streptococcus mitis. Kwa miaka mingi ikasimuliwa kwamba waliishi Mwezini miaka miwili na nusu. Uchunguzi wa baadaye wa namna kamera ilivyoshughulikiwa ulionyesha kuwa huenda waliingia maabara, hapa hapa Duniani, wakati wa kuchukua sampuli. Ubishi wote huo umetokana na usafi wa mezani.

Sasa tuingie kwenye vifaa. Cha kwanza ni kitambaa na spiriti, kwa kawaida aina ya isopropili. Ni rahisi, hakichoshi bodi za umeme, na kila fundi anakijua. Tatizo lake ni kwamba spiriti haiui spora. Narudia: haiui spora. Ile ya asilimia 70 inaua bakteria walio hai vizuri kuliko spiriti tupu, kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kuvuruga protini zao, ila ganda la spora haliguswi. Kwa hiyo kitambaa hapa kinaondoa uchafu, hakiuui. Na kama kazi ni kuondoa, basi mkono ndio unaoamua. Kunja kitambaa mara mbili au tatu, futa upande mmoja tu bila kurudi nyuma, kila mstari uingie kidogo juu ya uliotangulia, kisha geuza upande safi. Anayefuta kwa kuzungusha anazihamisha spora kutoka katikati kwenda pembeni, na pembeni ndiko kwenye skrubu.

Kuna jambo jingine linalonitia wasiwasi zaidi. Ukisafisha kwa njia ile ile kila siku, unachagua watakaobaki. Kwenye vyumba vya kuunganishia vyombo wamepatikana bakteria wa Acinetobacter wanaoweza kuishi kwa kula ethanoli. Bacillus pumilus aina ya SAFR-032, aliyepatikana kwenye chumba cha kuunganishia vyombo cha JPL, maabara ya NASA huko California, anastahimili haidrojeni peroksidi na urujuanimno kuliko ndugu zake. Halafu kuna Tersicoccus phoenicis. Bakteria huyu alipatikana kwenye chumba safi, yaani chumba cha kuunganishia chenye hewa iliyochujwa, cha Florida na kingine cha Kourou, Guiana ya Ufaransa. Vyumba viwili vilivyo mbali kiasi hicho, mkazi mmoja. Spiriti ni kifaa cha kila siku, kitumieni, ila asiwadanganye mtu kwamba ni kifaa cha kuua.

Kifaa cha pili, chumba safi chenyewe, nitakipitia haraka. Vyombo vingi huunganishwa kwenye daraja la ISO 8 la usafi wa hewa, ambalo linaruhusu chembe 3,520,000 zenye ukubwa wa nusu maikromita au zaidi kwa kila mita ya ujazo ya hewa. ISO 5 inaruhusu 3,520. Tofauti ni mara elfu moja, na gharama inafuata. Kichujio kinashughulikia hewa vizuri. Chanzo cha uchafu ni mtu, anayepukutisha ngozi kila anaposogea. Ndiyo maana ovaroli, barakoa na glovu mbili mbili zina thamani kubwa kuliko kumwongezea feni chumba ambacho watu wake wanaingia wamevaa ovyo.

Kifaa cha tatu ni mvuke wa haidrojeni peroksidi. Huu unaua spora kweli. Kimiminika cha takriban asilimia 35 hugeuzwa mvuke, huingizwa kwenye chemba yenye kifaa chako, hukaa kwa muda uliopangwa, kisha hutolewa na kuvunjika kuwa maji na oksijeni. Sifa yake kubwa ni joto dogo, kwa hiyo kamera na betri ambazo haziwezi kuingia oveni zina pa kukimbilia.

Kasoro zake zinahitaji macho. Mvuke unaua pale unapofika tu. Hauingii ndani ya gundi, wala katikati ya nyuso mbili zilizobanwa kwa boliti. Kwenye shimo refu lisilotokea upande wa pili hufika ukiwa umedhoofika. Fedha na shaba huuvunja kabla haujafanya kazi, na karatasi au pamba huunywa. Ukubali pia kwamba sehemu yenye ubaridi kuliko nyingine itapata matone badala ya mvuke, na matone ya peroksidi huunguza rangi na kutia kutu. Kosa la kawaida ni kuingiza kifaa kikiwa bado baridi kutoka stoo. Kiacheni kwanza kipate joto la chemba, ndipo muanze. Weka vipande vya majaribio vyenye spora zilizohesabiwa kwenye pembe ngumu kuliko zote, usiviweke mbele ya mdomo wa mvuke ambako kila kitu hufa.

Tuje kwenye oveni, joto kavu. Hii ndiyo ninayoiamini kuliko zote, na nitaeleza kwa nini. Joto halihitaji njia ya kupita. Linapenya chuma, plastiki na gundi, likamkuta spora alikojificha. Hakuna kifaa kingine kwenye orodha hii kinachoweza kusema hivyo.

Hesabu yake ni hii. Kwa kila kiwango cha joto kuna muda unaoua asilimia 90 ya spora. Rudia muda huo, inakufa asilimia 90 ya zilizobaki. Kutoka 300,000 hadi 30 ni kugawa kwa kumi mara nne, yaani mizunguko minne. Namba za COSPAR zinatoka hapo hapo, kwenye safari za Viking za kutafuta uhai Mirihi. Vyombo viwili vya Viking, vilivyorushwa mwaka 1975, vilisafishwa kwanza hadi chini ya spora 300,000, vikafungwa ndani ya kifuniko, kisha chombo kizima kikaokwa kwa takriban nyuzijoto 112 za Selsiasi kwa saa kama 30. Kifuniko hakikufunguliwa mpaka chombo kilipokuwa angani. Shirika la anga la Ulaya nalo liliioka parashuti kubwa ya ExoMars, mradi wake wa kwenda Mirihi, yenye upana wa mita 35, kwa nyuzijoto 125 kwa zaidi ya saa 35.

Mbona saa nyingi hivyo kwa kitambaa? Parashuti iliyokunjwa na kushindiliwa ni kama blanketi nene: nje ina joto, moyoni bado baridi. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Muda hauanzi oveni inapofika nyuzijoto 125. Unaanza pale sehemu baridi kuliko zote ndani ya kifaa inapofika. Bila kipimajoto kilichochomekwa kwenye kiini, saa zako ni za kubahatisha. Na unyevu ushikwe pia: maana ya joto kavu ni kwamba maji yaliyo hewani yamedhibitiwa. Usipoudhibiti, itabidi uongeze muda.

Hasara ya oveni ni kubwa na inajulikana. Vyombo vya Ranger vya kwenda Mwezini viliokwa kwa nyuzijoto 125 kwa saa 24. Ranger 3, 4 na 5 vyote vilishindwa mwaka 1962, na kuoka kulitajwa miongoni mwa sababu za vifaa vya umeme kudhoofika, hata utaratibu huo ukaachwa kwa safari za Mwezini. Kinachoharibika ni hiki: betri hupoteza uwezo, kapasita za kimiminika huvuja, gundi hulainika, plastiki hutoa mvuke unaokwenda kuganda kwenye lenzi, na vitu viwili vinavyotanuka kwa viwango tofauti hupasua sehemu zilizolehemiwa. Viking ilifanikiwa kwa sababu betri na kinasa data vyake viliundwa tangu mwanzo vikiwa na oveni akilini. Anayeikumbuka oveni baada ya mchoro kukamilika ameshachelewa. Hapo atabaki na spiriti na matumaini.

Ukishaoka, linda. Chombo cha Phoenix, kilichotua Mei 2008 karibu na ncha ya kaskazini ya Mirihi, kilikwenda kuchimba barafu. Hawakuoka chombo kizima. Waliuoka mkono wa roboti, wakaufunga ndani ya mfuko wa filamu ya plastiki ya Tedlar uliofunguka baada ya kutua. Ni suluhisho zuri sana, sehemu safi inayogusa barafu na mwili wenye kiwango cha kawaida. Curiosity, gari la roboti la Mirihi, ilikuwa na mpango unaofanana: ncha za drili zilipaswa kubaki ndani ya sanduku tasa. Kabla ya kurushwa mwaka 2011 sanduku likafunguliwa, na ncha moja ikafungwa kabisa kwenye drili, kwa hofu kwamba mtambo wa kubadilisha ncha ungeharibika wakati wa kutua. Hofu ya fundi ilikuwa ya haki. Lakini uamuzi ule uliondoa ruhusa ya kuchimba penye barafu au maji. Mfuko ukifunguliwa, kazi ya oveni imekwisha.

Je, kipimo chenyewe kinaaminika? Kijiti cha pamba chenye maji tasa hufutwa kwenye mraba wa sentimita 5 kwa 5. Kwa eneo kubwa hutumika kitambaa, hadi mita moja ya mraba. Kijiti hutikiswa ndani ya maji tasa ili spora zitoke, maji hayo hupashwa hadi nyuzijoto 80 kwa dakika 15 ili wasio spora wafe, kisha humwagwa kwenye sahani ya chakula cha bakteria na kuwekwa kwenye nyuzijoto 32. Unahesabu baada ya saa 24, 48 na 72. Ni kipimo kizuri kwa kulinganisha vyombo, na cha bei nafuu. Ila kinaona wanaokubali kuota kwenye sahani ile tu, na bakteria wengi hawakubali. Sahani tupu isisomwe kama chombo kitupu.

Basi uchague nini? Kwa chombo cha kutua sehemu kavu, spiriti kwa nidhamu, peroksidi kwa vifaa laini, oveni kwa kila kinachoweza kuvumilia. Kwa kuchimba barafu, oveni pamoja na mfuko, hakuna njia ya mkato. Na ukiwa na betri ya nyuklia, fikiria ajali pia: ikianguka juu ya barafu, joto lake linaweza kuyeyusha kidimbwi cha uvuguvugu na kuwapa spora makazi ambayo Mirihi haikuwa nayo.

Kwa chombo kisichotua, huhitaji kuoka ukiweza kuthibitisha kwamba hakitaanguka: uwezekano usizidi asilimia 1 kwa miaka 20 ya kwanza, wala asilimia 5 kwa miaka 50. Ukishindwa kuahidi hivyo, kuna njia ya mwisho. Galileo, chombo kilichozunguka Mshtarii, haikuwa imeokwa, na mafuta yake yalikuwa yanaisha karibu na Europa, mwezi wa Mshtarii wenye bahari chini ya barafu. Tarehe 21 Septemba 2003 waliielekeza ndani ya Mshtarii ikaungua. Cassini, chombo kilichozunguka Zohali, ikafuata ndani ya Zohali tarehe 15 Septemba 2017, ili isije ikaangukia mwezi wake uitwao Enceladus.