Gemu za kukusanya viumbe: nunua ipi kama hutaki mteremko?

Kabla hujatoa hela angalia kitu kimoja tu, levo za maadui zinapandaje. Zikiwa zimegandishwa, ukizurura kidogo pembeni unarudi unampiga bosi konde moja kaanguka. Zikipanda na wewe kila hatua nazo zinaboa, maana unahangaika kukuza timu halafu yule wa jana bado anakusumbua vilevile.

Namba moja kwangu ni Cassette Beasts (2023), sina ubishi. Ujanja wake ni kwamba levo ni ya mchezaji, sio ya kiumbe, kwahiyo ukinasa kitu kipya leo unakiingiza vitani leoleo bila kukaa saa mbili unapiga vidudu porini ili kifikie wenzake, na kwenye setingi unajipangia mwenyewe maadui wawe na akili kiasi gani na levo zao zikufuate vipi. Yaani ukilalamika ni rahisi umejitakia.

Ya pili Coromon (2022). Ugumu unachagua mwanzoni, na ile hali ya kiumbe akizimia ndo basi tena humtumii imo humohumo, huhitaji kujiwekea sheria kichwani (ambazo sote tunajua unazivunja usiku ukiwa peke yako).

Monster Sanctuary (2020) naiweka ya tatu. Pambano ni tatu kwa tatu, ukimaliza unapewa nyota kulingana na ulivyopigana na zawadi nzuri zinafuata nyota, so hata vita ndogo inakulazimisha ufikirie. Ila kama hupendi kurukaruka kwenye majukwaa iache.

Ya mwisho Pokémon Scarlet na Violet (2022), na naipenda, msinirushie mawe. Ramani iko wazi, nenda popote, lakini levo za jimu (kumbi za mabosi unaopaswa kuwapiga) hazikufuati: bosi wa jimu Katy viumbe wake wanakomea levo 15, mwenzake Grusha 48, ukipotea njia ukaanza na wakubwa, ukirudi kwa Katy unaonea mtoto. Juu ya hapo timu nzima inagawiwa uzoefu (pointi za kupandisha levo) na huwezi kuzima, na ule mtindo wa kutoruhusiwa kubadilisha kiumbe wako bure pale kiumbe wa mpinzani akiangushwa wameutoa. Nunua kwa ajili ya viumbe na kucheza na washkaji, na jimu zipige kwa mpangilio wa levo, Katy kwanza.