Bendi ya zumari za mfuko ya hapa mtaani: pelekeni watoto, na nyie wazee nendeni

Jamani hii bendi ya zumari za mfuko, yaani bagpipe, zile za Kiskoti zenye mfuko wa hewa, naipa nyota tano na ntaeleza kwa nini, maana wengi wanaijua siku ya paredi tu, wanaona zile sketi za drafti na ngoma kubwa, wanapiga picha wanaondoka, kumbe kazi yenyewe iko ukumbini siku za mazoezi ambako hakuna hata mpiga picha.

Kwanza kufundishwa ni bure, tena bure kabisa, na chombo wanakuazima. Hilo sio jambo dogo, seti nzima ya zumari za mfuko ni ghali, mzazi wa kawaida akisikia bei anamrudisha mtoto nyumbani. Ila mfuko hapewi siku ya kwanza, anaanza na chanta ya mazoezi, kibomba chembamba cha kujifunzia vidole, na hapo anakaa miezi, wengine hata mwaka. Hapa ndo wengi wanakata tamaa na hapa ndo nawapa maksi walimu, hawafokei mtu. Noti ni tisa tu lakini sauti haikatiki na huwezi kuipunguza, ukitaka kurudia noti ileile lazima uchomeke kanoti kadogo ka haraka katikati, kwa hiyo ukikosea ukumbi mzima umesikia. Mwanangu ni mtoto wa aibu sana, darasani hanyooshi mkono, sasa pale anakosea mbele ya watu wazima, anaambiwa haya tena, anarudia, maisha yanaendelea. Mimi hilo tu lingenitosha.

Halafu kuna lile duara. Kabla ya kupiga wanasimama duara, paipu meja, yaani kiongozi wa wapiga zumari, anapita kwa mmoja mmoja anasikiliza, akikuta noti iko juu anabandika kipande cha tepu nyeusi ya mafundi umeme kwenye ukingo wa tundu, noti inashuka, anahamia kwa anayefuata. Anamfanyia hivyo mzee mstaafu, anamfanyia hivyo binti wa sekondari. Nitajieni sehemu nyingine hapa mtaani ambapo hao wawili wanasimama bega kwa bega na kila mmoja anamhitaji mwenzie, maana zumari moja tu ikiwa nje ya tuni bendi nzima inaharibika.

Kwenye misiba pia nawashukuru kwa dhati, hawaangalii marehemu alikuwa na cheo gani, ukiwaomba mpiga zumari anakuja.

Na msidhani bendi ndogo haiwezi kufika mbali. Mashindano ya dunia ya bendi hizi pale Glasgow, Scotland, mwezi wa nane yana madaraja, hata bendi za daraja la nne zinapanda uwanja uleule wa Glasgow Green na wale wakali wa daraja la kwanza, na mwaka 1987 bendi toka Kanada, 78th Fraser Highlanders, ndo ilikuwa ya kwanza toka nje ya Uingereza kubeba ubingwa wa daraja la kwanza. Watoto wetu wanazijua hizi habari kuliko matokeo ya mpira, raha sana kuwasikia wanabishana.

Kasoro zipo. Ratiba wanabadilisha dakika za mwisho, mzazi unafika mlango umefungwa. Na kelele, jamani, ndani ya ukumbi uliofungwa zumari na ngoma kwa pamoja ni hatari kwa masikio, vizibo vya masikio vingetakiwa viwepo pale mlangoni kwa kila anayeingia, kwa sasa beba vya kwako.

Mkienda ulizeni zamu ya wanaoanza, msiingie kwenye mazoezi ya bendi kubwa mtoto akaogopa bure. Na ambaye kupuliza kunamshinda asirudi nyumbani, kuna ngoma za aina tatu, snea (ile ya mlio mkali), tenor (ya sauti ya kati) na besi (ile kubwa), wanaanza kwa kupiga fimbo kwenye kipedi cha mpira juu ya meza, na wapiga ngoma ndo wanaotafutwa zaidi sasa hivi.