Darasa la programu za simu, Sinza: nyota tatu, na moja ni ya chapati

Tangazo lilinikuta kwenye kundi la WhatsApp la mafundi: "Tengeneza aplikesheni yako bila kujua kodi, ianze kukuingizia pesa ndani ya siku 30." Nikajua ni mambo ya TRA. Mimi ni fundi cherehani, nina fremu Mwananyamala, na kodi ninazozijua ni mbili: ya mwenye nyumba na ya serikali. Mpwa wangu alicheka mpaka akakaa chini, ndipo akanieleza kuwa kodi ni yale maandishi yanayoiendesha programu, na kwamba siku hizi unaieleza akili mnemba unachotaka, yenyewe inaandika. Nikatoa 150,000 kwa wikiendi mbili. Jina la darasa silitaji, maana mwalimu ni kijana mstaarabu na si yote nitakayosema yatamfurahisha.

Ukumbi uko ghorofani, feni mbili, moja inazunguka kwa kuonewa huruma. Waifai ilikuwemo kwenye ada lakini siku ya kwanza tu ilichoka kabla yetu, tukarudi kwenye bando zetu. Chai ya tangawizi na chapati za saa nne, hapo sina neno. Aliyezikanda anajua kazi.

Slaidi ya kwanza ilikuwa ya Andrej Karpathy, yule aliyekuwa miongoni mwa waanzilishi wa OpenAI, kampuni ya ChatGPT, ambaye Februari 2025 aliuita mtindo huu "vibe coding": unajiachia, unaisemesha mashine, hata ilichoandika huna haja ya kukisoma. Darasa zima likafurahi. Mimi nikawaza: mwanafunzi wangu akinikatia kitambaa cha mteja nisikiangalie, siku ya kuvaa tutaongea lugha gani?

Lakini niseme haki. Niliandika kwa Kiswahili kilekile ninachomsemesha huyo mwanafunzi: nataka daftari la wateja, jina, namba ya simu, vipimo, picha ya kitambaa, kianzio, salio, na siku ya kuchukua, siku ikikaribia, ifungue WhatsApp yenye ujumbe tayari, mimi nibonyeze kutuma. Chai haijaletwa, ukurasa wa kwanza ukawa umesimama. Nilipiga makofi peke yangu. Vipimo ilivileta kwa sentimita, nikaiambia fundi wa Dar anapima kwa inchi, ikabadilisha papo hapo. Kwa sehemu hii mwalimu anastahili pesa yake. Alitufundisha kuomba jambo moja kwa wakati, na kuhifadhi nakala kila kitu kinapofanya kazi, ili mashine ikiharibu urudi nyuma.

Kilichonitia aibu ni saa. Mama mmoja alikuwa achukue gauni la sendofu ya mwanawe Jumamosi saa nne asubuhi. Programu ikaandaa ujumbe: "Nguo yako iko tayari Jumamosi saa 10:00 asubuhi." Nikabonyeza bila kusoma. Sasa saa kumi asubuhi Mswahili gani anayo? Yule mama akaona fundi amekosea kuandika, akajipigia hesabu yake, akaja saa kumi jioni. Kiuno kinapwaya, sherehe ni saa kumi na mbili. "Fundi, si umesema saa kumi?" Nilipunguza lile gauni huku yeye amesimama mlangoni na viatu mkononi.

Jioni hiyo nikaieleza mashine kwamba saa zetu zinahesabiwa tangu asubuhi, kwa hiyo itoe sita. Ikajibu kwa adabu zote kwamba imeelewa, ikatoa sita. Saa nne ikawa saa nne kweli. Nilipojaribu miadi ya saa moja usiku, ikaniletea "saa 13 usiku", na ya alfajiri ikawa "saa 0". Haikukataa, haikuuliza, ilifanya nilichosema na si nilichokusudia. Ndiyo hasara ya kutosoma ilichoandika, na darasani kujaribu saa na hali zisizo za kawaida kama hizi hatukugusa kabisa. Mwishowe nilikaa nikaandika saa zote 24 kwenye karatasi, kila moja na jina lake, nikaipa orodha.

La pili ni zito zaidi. Taarifa za wateja zinakaa kwenye hifadhidata ya mtandaoni, na programu inaifikia kwa ufunguo. Mashine iliniwekea kila kitu wazi, mwalimu akapita akasema "safi". Mpwa wangu alikaa nayo robo saa tu na kompyuta yake, akaanza kunisomea nyonga za mke wa mchungaji. Nilihisi moto masikioni. Nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na jina, namba na vipimo vya mtu ni taarifa zake. Darasani haikutajwa hata kwa bahati mbaya. Na kwa kuwa nilitaka kuwauzia programu mafundi wenzangu, niliiagiza mashine ifunge kila mstari kwa mwenye nao, yaani taarifa za mteja azione fundi wake tu, halafu nikaingia kwa simu nyingine kama fundi mwingine kuona kama bado nawaona wateja wangu. Jaribio hilo la simu mbili linachukua dakika tano. Lingewekwa kabla ya chapati.

Sasa hizo "siku 30". Akaunti ya msanidi, yaani mtengeneza programu, kwenye Google Play, soko la programu za Android, ni dola 25, unalipa mara moja. Ya Apple ni dola 99 kila mwaka, hiyo niliipita kwa sababu mafundi wangu wana Android. Ila akaunti mpya ya mtu binafsi ya Google inadai watu 12 wa kuijaribu programu, wabaki nayo siku 14 mfululizo kabla hujaomba kuiweka sokoni. Mwalimu alilitaja hili Jumapili ya mwisho, watu wanakunja kompyuta. Nilizunguka Mwananyamala na Kariakoo nikapata mafundi 15, ili wakijitoa wawili watatu nisirudi mwanzo. Mmoja aliifuta siku ya sita, simu imejaa video za harusi.

Somo la masoko lilikuwa la saa moja, na lote ni matangazo ya Instagram. Mwalimu akatushauri tuweke lipa namba ndani ya programu. Kumbe kanuni za Google zinataka huduma ya kidijitali inayouzwa ndani ya programu ipitie malipo yao, nao kwa kawaida wanabaki na asilimia 15 kwenye dola milioni 1 za kwanza za mwaka. Wanachoruhusu ni mtu kuingia na akaunti aliyolipia kwingine, mradi ndani usimwelekeze huko. Ndivyo nilivyofanya: fundi ananilipa dukani kwake kwa simu, namfungulia akaunti, humo ndani hakuna habari ya pesa.

Bei nayo ilinifundisha. Nilianza na 3,000 kwa mwezi. Fundi wa kwanza akaniuliza, "Dada, nikulipie kila mwezi kama king'amuzi?" Nikabadilisha, 10,000 kwa msimu: kuelekea Idi, na Desemba. Wakalipa 22. Hiyo ni 220,000, wakati nimetoa ada ya darasa, dola 20 kila mwezi za akili mnemba kwa miezi mitatu, na zile 25 za Google; jumla inakaribia 375,000. Bado niko chini, siku 30 zilishapita zamani.

Faida niliyoiona imetoka kwenye kabati langu mwenyewe. Nilikuwa na nguo 17 zimening'inia, wenyewe wamezisahau na salio lao. Ujumbe umewaleta 11.

Kwa hiyo: kama una biashara yako na unajua daftari lako lina shida gani, nenda, ila beba bando na mtu wa kukuchokonolea kazi. Kama unakwenda kutafuta wazo la programu hukohuko, 150,000 ni nyingi. Nyota moja ni ya mwalimu kwa uvumilivu, moja ya namna ya kuiagiza mashine, moja ya chapati.

Wiki iliyopita mwalimu alinipigia kuhusu awamu ya pili, ya masoko, 200,000. Nikamwambia nitafikiria. Akauliza kama nashona suruali. Kiuno inchi 34, anachukua Ijumaa saa 11 jioni. Ujumbe niliusoma mara mbili kabla ya kutuma.