Vyuo vikuu vitatu vya Iringa mjini kwa macho ya mzazi

Binti yangu alimaliza kidato cha sita katika mchepuo wa HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza) akiwa bado hajaamua kati ya ualimu na sheria. Kabla ya kutuma maombi tulisafiri kutoka kwetu Mafinga, wilayani Mufindi, tukashuka stendi ya Igumbilo, tukapanda daladala hadi mjini, na kwa siku mbili tukavitembelea vyuo vikuu vyote vitatu.

Tulianzia Mkwawa, ambacho tangu 2005 ni chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kwa hiyo mhitimu wake hupewa shahada ya chuo hicho mama. Zamani palikuwa sekondari maarufu ya Mkwawa, na wakati wa ukoloni ilikuwa shule ya watoto wa Kizungu, jambo linaloeleza kwa nini eneo lake ni pana na tulivu kiasi kile. Kwa anayetaka kufundisha, nakiweka mbele ya vingine bila kusita, kwa kuwa kilianzishwa mahususi kwa ajili ya kuandaa walimu, na kwa kuwa ni cha umma, ada yake mzazi wa kipato cha kawaida anaweza kuikabili. Anayetaka sheria, hata hivyo, hatakuta anachokitafuta pale.

Sheria inafundishwa Chuo Kikuu cha Iringa, cha Kanisa la Kilutheri, ambacho wengi tulikizoea kwa jina la Tumaini, na pia Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Ruaha, kilichoanza 2005 chini ya Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino. Binti alitaka nimwambie kipi kina jina kubwa zaidi. Nilimjibu kwamba mhitimu wa chuo chochote kati ya hivyo, akitaka kuwa wakili, atalazimika kupitia mafunzo ya uanasheria kwa vitendo Dar es Salaam pamoja na wenzake wa vyuo vingine, kwa hiyo kwetu gharama ilikuwa na uzito kuliko jina.

Katika gharama nilikuwa mkali, kwa sababu kaka yake alipojiunga na chuo fulani cha mkoa mwingine tulitajiwa ada ya masomo peke yake, na fedha za mitihani, bima ya afya, kitambulisho na serikali ya wanafunzi zikaibuka wiki ya usajili, nami nikalazimika kuuza mahindi kabla ya bei kupanda. Safari hii niliomba mchanganuo wa malipo yote ya kozi nzima kwa maandishi. Ni kweli Bodi ya Mikopo humkopesha hata mwanafunzi wa chuo binafsi, lakini mkopo usipofika kiwango cha ada, pengo ni la mzazi, na katika chuo binafsi pengo hilo huwa pana.

Binti alichagua ualimu mwenyewe, na udahili wake ameuthibitisha Mkwawa. Kwa kuwa hosteli haina hakika kwa kila mwanafunzi, tumemtafutia chumba cha kupanga karibu na chuo, chenye maji ndani ya uzio. Nimemfungia na blanketi mbili nzito, maana Juni mjini Iringa kuna baridi, ingawa haifikii ya kwetu Mufindi.