Tahadhari: miche ya "forosadi ya tabianchi" inayouzwa Mombasa

Jamani, wa Kisauni, Bamburi, Likoni na Mtwapa, kuna mtu anazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp akiuza miche ya mforosadi (mulberry) kwa shilingi 600 mmoja. Eti ni aina mpya ya kukabili mabadiliko ya tabianchi: haitaki maji, chumvi haiidhuru, inazaa mwaka mzima. Ukichukua miche mia, atakuletea viwavi wa hariri na kununua vifukofuko vyote vya hariri watakavyosokota. Chama chetu kimemlipa. Simu sasa haishiki.

Nilichana mfuko mmoja mweusi. Ndani mna kijiti kimechomekwa mchangani, hakina hata uzi wa mzizi. Yale majani mawili matatu ya juu yanaishi kwa akiba iliyobaki ndani ya kijiti. Ikiisha yananyauka, naye muuzaji keshakwenda zake. Mingine si mforosadi kabisa. Jani la mforosadi lina meno pembeni, na ukilivunja hutoa utomvu mweupe, ila usiridhike na utomvu pekee. Mti wa tini nao hutoa, ni ukoo mmoja.

Maneno yake yanaingia kwa sababu ukame wa 2020 hadi 2022 tuliuona, mafuriko ya El Niño ya mwisho wa 2023 nayo tukayaona, na visima vyetu vingi vina chumvi. Lakini mforosadi hustahimili ukame kwa mizizi iendayo chini sana, na mche mchanga hauna mizizi hiyo. Utaumwagilia tu. Kuzalisha aina mpya ni kazi ya miaka zaidi ya 10: kupandisha, kuchagua, kujaribu mashamba mbalimbali. Mysore, India, walitoa aina ya mforosadi iitwayo V1 kwa njia hiyo, na hapa Kenya kituo cha utafiti wa hariri kiko Thika, chini ya KALRO, shirika la serikali la utafiti wa kilimo na mifugo. Aina ya kweli ina jina na ina mwenyewe. Huyu ukimuuliza anakujibu "haibridi ya ng'ambo". Haibridi gani, bwana?

Na hao viwavi hawali kitu ila majani ya mforosadi, na joto la Februari chini ya mabati litawamaliza hata miche ingekuwa halali.

Cheti cha KEPHIS, shirika la serikali linalokagua afya ya mimea, anachotuma ni picha, jina limefifishwa. Pigeni simu ofisi yao muulize. Kitaluni hakuruhusu ufike, mnakutana stejini Mwembe Tayari, mzigo uko kwenye tuktuk na ana haraka. Anayetaka mforosadi aombe kwa mwenye mti tawi nene kama penseli, lenye macho (sehemu za kuchipua) matatu au manne, alipande masika yakianza. Bure kabisa.

Mliolipa, msifute ujumbe wa M-Pesa. Namba yake itumeni 333 kwa Safaricom, halafu tukaandikishe polisi pamoja, maana mmoja mmoja tutazungushwa. Namba ameshabadilisha, lakini picha anazotuma ni zile zile, zenye tangi la maji la buluu nyuma ya miche.